Jinsi viongozi wa kanisa wanavyoweza kuongoza pamoja na kuwajibishana: hatua kwa hatua kwa wanaoanza

Maswali ni yaleyale kila mara. Mchungaji anauliza, nikiwapa wazee nafasi ya kuamua si watanipindua? Mzee wa kanisa naye anauliza, hivi mchungaji akikosea anaambiwa na nani, na anaambiwaje? Alafu kuna shemasi kijana ambaye ameingia juzi tu, anauliza kwa woga kama ni dhambi kuomba kuona hesabu za sadaka. Si dhambi mdogo wangu. Nimekuwa nawajibu mmoja mmoja, sasa naandika yote hapa ili ukiulizwa na mwingine umpe asome mwenyewe.

Kwanza nikwambie kwa nini jambo hili linaniuma. Kanisa nililoanzia utumishi lilikuwa na mchungaji mwema kabisa, mtu wa maombi, na kwa sababu alikuwa mwema hakuna aliyemuuliza kitu. Saini ya benki ilikuwa yake peke yake, makubaliano na mwenye jengo yalikuwa kichwani mwake, shida za nyumbani kwake alizibeba mwenyewe. Akaugua ghafla. Ndani ya wiki mbili tukagundua hatuwezi kutoa hata shilingi, kodi ina malimbikizo, na yeye alikuwa amekopa kwa jina lake ili kanisa lisifungwe. Hakuwa mwizi. Tulimwacha peke yake halafu tukaita kumwacha kwetu heshima. Kwa hiyo ninapoongelea kuwajibishana simaanishi kumvizia mtumishi, namaanisha asibebe peke yake mzigo ambao Mungu hakumpa peke yake.

Maelezo ya Biblia nitayafanya mafupi. Paulo na Barnaba waliweka wazee katika kila kanisa, wazee, sio mzee mmoja (Matendo 14:23). Petro anapowaandikia wazee anajiita mzee mwenzao (1 Petro 5:1). Na huyo huyo Petro alipokosea pale Antiokia, Paulo alimpinga uso kwa uso (Wagalatia 2:11), na ushirika wao haukufa. Inatosha, tuingie kazini.

MUWE NA HIVI KABLA HAMJAANZA

- Watu watatu mpaka watano wanaoweza kusema "hapana" mbele ya mchungaji na jioni wakala naye. Wasiwe wote ndugu zake, na wasiwe wote wanaolipwa na kanisa, maana mtu hawezi kumhoji kwa uhuru anayeshika riziki yake.
- Katiba ya kanisa lenu, au kanuni za dhehebu kama mko chini ya askofu, sinodi au presbiteri. Isomeni kwanza. Kuna mambo hamruhusiwi kuyabadilisha wenyewe, na ni aibu kugundua hilo katikati ya safari.
- Daftari moja gumu la kumbukumbu za vikao, kurasa zipigwe namba kwa mkono kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, ili ukurasa ukichanwa ijulikane.
- Mtu mmoja wa nje, mchungaji mzoefu wa kanisa jingine au kiongozi wa juu yenu, aliyekubali kuitwa mkikwama. Mwombeni sasa hivi, msisubiri moto uwake.
- Ridhaa ya mchungaji kiongozi mwenyewe. Kama hataki, usianze hatua hizi kichinichini, ruka moja kwa moja mpaka sehemu ya mwisho.

HATUA

1. Anzeni wakati wa amani.

Hii naiweka ya kwanza makusudi. Makanisa mengi yanakumbuka kuweka utaratibu siku pesa imepotea au kuna tetesi za mwanamke, na wakati huo kila kanuni mnayoiandika inakuwa na jina la mtu ndani yake. Mchungaji anaisoma anajiona ameandikiwa yeye. Wekeni utaratibu wakati hakuna mtuhumiwa, ndio utakubalika na ndio utadumu.

Ukitaka mfano angalia Billy Graham, yule mwinjilisti wa Marekani. Mwaka 1948 akiwa Modesto, California, na wenzake Cliff Barrows, Grady Wilson na George Beverly Shea, walikuwa bado vijana na hawana kashfa yoyote. Aliwaambia kila mmoja aende peke yake akaandike matatizo yanayowaangusha wainjilisti, waliporudi orodha zao zikafanana karibu zote: pesa, zinaa, kuyasema vibaya makanisa ya mahali, na kutia chumvi idadi ya watu. Wakakubaliana hapohapo namna ya kujilinda kwa kila moja. Nanyi fanyeni zoezi hilohilo katika kikao cha kwanza, kila mtu na karatasi yake, dakika ishirini, halafu msomeane.

2. Andikeni nani anaamua nini.

Ugomvi mwingi ninaousikia ukiuchunguza unakuta si wa mioyo mibaya, ni kwamba hakuna aliyejua mpaka wake uko wapi. Chukueni karatasi mgawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mambo ambayo mchungaji anaamua mwenyewe bila kuitisha kikao, kama ratiba ya mahubiri, kutembelea wagonjwa, ushauri wa kiroho. La pili ni mambo ya baraza, kama bajeti, kuajiri na kuachisha kazi, nidhamu, kualika mhubiri mgeni kwa semina kubwa. La tatu ni ya washirika wote, kama kununua kiwanja, kuuza mali, kubadilisha katiba, kumpokea mchungaji mpya pale ambapo dhehebu linaruhusu.

Wekeni pia kiwango cha pesa ambacho mtu mmoja anaweza kutumia bila kuuliza. Andikeni tarakimu kabisa, msiandike "kiasi kidogo", maana kidogo cha mtu huyu si kidogo cha yule.

Na mkichagua watu wa kusaidia kuamua wachukueni hata upande unaolalamika. Someni Matendo 6 taratibu. Wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahaulika kwenye huduma ya kila siku, mitume wakasema kanisa lichague watu saba, na ukiangalia majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Yaani upande uliokuwa unaumia ndio uliokabidhiwa meza. Mimi kila nikifika hapo nakaa kimya kidogo, kwa sababu sisi huwa tunafanya kinyume, wanaolalamika tunawaita waasi.

3. Badilisheni namna ya kukaa kikaoni.

Mchungaji anaweza kuongoza vikao vya kawaida, hamna shida, ila kikao kinachomhusu yeye (mshahara wake, likizo yake, malalamiko juu yake) mwenyekiti awe mtu mwingine. Na hilo liandikwe, lisisubiri ustaarabu wake.

Jambo jingine dogo lakini lina nguvu sana: mkubwa aongee mwisho. Nimeshakaa kwenye kikao ambacho mchungaji alifungua kwa kusema "mimi naona tuchukue lile jengo jipya, ila nyie semeni." Mzee wa kwanza akasema anaunga mkono. Wa pili akaunga mkono. Mhazina alikuwa amekaa pembeni na faili magotini, akalifungua, akalitazama, akalifunga, akaunga mkono. Ndani ya lile faili kulikuwa na hesabu zinazoonyesha hatuwezi kodi ya jengo lile zaidi ya miezi minne, alikuja kunionyesha baadaye nje tukiwa tunaagana. Kama mhazina ndiye angeanza kuongea tusingeingia kule.

Kwa hiyo utaratibu uwe hivi, katibu anasoma jambo, mwenye takwimu anazitoa, kila mmoja anasema mawazo yake kuanzia mdogo, mchungaji anasema mwisho, halafu ndio mnaamua. Anayepinga jina lake na sababu yake viandikwe kwenye muhtasari, sio kumuaibisha, ni kumheshimu. Mkishaamua nje mnasema sauti moja, hakuna mzee kwenda kwa washirika kusema "mimi nilikataa".

4. Pesa. Hapa nitakaa muda mrefu kidogo.

Paulo alikuwa mtume lakini hakukubali kubeba peke yake changizo la kuwasaidia waumini wa Yerusalemu. Alitaka wenzake waliochaguliwa na makanisa wafuatane naye, ili mtu asije akawalaumu. Paulo mwenyewe anasema wanaangalia yaliyo mema si mbele za Bwana tu, hata mbele za wanadamu (2 Wakorintho 8:19-21). Kama Paulo alihitaji wenzake, mimi na wewe ni nani?

Utaratibu wa chini kabisa ni huu:

a) Sadaka ihesabiwe siku hiyohiyo, hapohapo kanisani, na watu wasiopungua wawili wasio wa familia moja. Isilale nyumbani kwa mtu ikiwa haijahesabiwa, hata kwa mchungaji, hata "mpaka kesho asubuhi".

b) Waandike kwenye fomu, noti za aina gani ngapi, sarafu ngapi, jumla kwa tarakimu na kwa maneno, wasaini wote. Nakala moja ibaki na pesa, nyingine kwa katibu. Nakala ya katibu ndiyo kinga ya mhazina, siku akisingiziwa anaitoa.

c) Benki kuwe na watia saini watatu na kila malipo yapite kwa wawili kati yao. Mume na mke wasihesabiwe kuwa wawili. Na tafadhali sana, usisaini karatasi tupu "kwa sababu nasafiri". Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote, mnakuwa na saini mbili kwenye katiba na saini moja kwenye maisha.

d) Sadaka zinazotumwa kwa simu ziingie kwenye akaunti ya kanisa, sio namba binafsi ya mtumishi. Kama kwa sasa mnatumia namba ya mtu basi taarifa ya miamala ichapishwe kila mwezi na isomwe na mtu mwingine.

e) Anayeandika vitabu vya hesabu asiwe yeye anayetoa pesa. Mgawanyo huu ukishindikana angalau mtu wa tatu alinganishe daftari na taarifa ya benki kila mwezi.

f) Ripoti fupi kwa washirika kila robo mwaka, na mara moja kwa mwaka mkaguzi asiye kiongozi.

Mtu akikuambia "hatuaminiani?" mwambie utaratibu ndio unaotufanya tuendelee kuaminiana, mhazina mwaminifu ndiye anayenufaika kuliko wote.

5. Anzisheni kikao cha kuulizana hali.

Hiki si kikao cha ajenda. Ni watu wawili au watatu wa jinsia moja wanaokutana kila baada ya wiki mbili au kila mwezi, saa moja hivi, wanaulizana kuhusu maisha yao. Wapo waliotutangulia. Geneva, Uswisi, mwaka 1541 kanuni za kanisa ziliweka kwamba wachungaji, John Calvin yule mwanamatengenezo akiwa mmoja wao, wakutane mara nne kwa mwaka kukosoana wenyewe kwa wenyewe. Na John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, katika kanuni zake za vikundi vidogo za tarehe 25 Desemba 1738, mtu kabla hajapokelewa alikuwa anaulizwa kama kweli anataka kuambiwa makosa yake. Swali hilo muulizane siku ya kwanza kabisa, na mtu ajibu kwa mdomo wake, maana ridhaa ndiyo inayotofautisha kuwajibishana na kuchunguzana.

Maswali ya kuanzia, mtaongeza yenu:

- Maombi na kusoma Neno kwako binafsi, si kwa ajili ya kuhubiri, vikoje?
- Nyumbani kukoje? Mwenzi wako angekuwa hapa angejibu hivyohivyo?
- Kuna pesa iliyopita mkononi mwako mwezi huu ambayo ungeona aibu kuieleza?
- Kuna mtu unayewasiliana naye kwa namna ambayo usingependa tuione simu yako?
- Nani umemkosea na hujaenda kwake?
- Umepumzika lini mara ya mwisho?
- Kati ya majibu uliyotupa leo, lipi si kweli kamili?

Lile la mwisho usiliache. Nimeona mtu amejibu yote sita vizuri kabisa, la saba akanyamaza, akashika kikombe chake kwa mikono miwili, halafu akaanza upya kutoka la pili.

Mwenye cheo kikubwa ndiye anaanza kujibu. Sio wa mwisho, wa kwanza. Kule kwenye kikao cha maamuzi mkubwa anaongea mwisho ili wadogo wawe huru kufikiri, huku anaongea kwanza ili wadogo wawe huru kukiri. Ukichanganya hizi mbili utashangaa kwa nini kila mtu anajibu "namshukuru Mungu niko vizuri".

Onyo kubwa: elezaneni mapema siri inaishia wapi. Udhaifu na majaribu ya mtu yanabaki hapo. Ila mtoto akidhulumiwa, mtu akibakwa, pesa ikiibiwa, uhai wa mtu ukiwa hatarini, hiyo si siri ya kikundi, inapelekwa kwa baraza na kwa vyombo vya sheria. Msije mkajikuta mnamficha mhalifu mkidhani mnalinda agano.

6. Wekeni njia ya malalamiko dhidi ya kiongozi.

Washirika wajue mlango uko wapi. Kosa la kawaida baina ya watu linaenda kwa mpangilio wa Mathayo 18:15-17, kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha shahidi mmoja au wawili, kisha kanisa. Shtaka juu ya mzee linafuata 1 Timotheo 5:19-21, mashahidi wawili au watatu, na akithibitika anakemewa mbele ya wote, bila upendeleo. Andiko hilo lina pande mbili, linamlinda mzee dhidi ya maneno ya mtaani na linamlinda mshirika dhidi ya mzee anayefichwa na wenzake. Chukueni zote mbili.

Makosa mawili nayaona hapa. La kwanza ni kumtaka mtu aliyedhulumiwa kimwili aende kwanza "peke yake" kwa aliyemdhulumu, au kumwambia hana shahidi wa pili. Hapana. Jinai inaripotiwa, na mtuhumiwa anasimama pembeni mpaka uchunguzi uishe. La pili ni kutumia "msiwaguse masihi wangu" kufunga midomo ya watu. Zaburi 105 inaongelea Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache katikati ya mataifa, wafalme wasiwadhuru. Haikatazi kuuliza. Daudi mwenyewe aliyekataa kumuua Sauli kwa sababu ni masihi wa Bwana alitoka pangoni Engedi, na pindo la vazi mkononi, akamwambia kosa lake kwa sauti (1 Samweli 24).

Malalamiko yapokelewe na watu wawili waliotajwa kwa majina, yaandikwe tarehe, na mlalamikaji ajibiwe ndani ya siku mlizokubaliana. Kama yanamhusu mchungaji kiongozi, yule mtu wenu wa nje aitwe mapema.

7. Likizo, tathmini na zamu.

Kwa kifupi. Mchungaji achukue likizo kila mwaka na wengine waongoze kweli, simu yake isipigwe. Tathmini iwe ya wote, wazee wamtathmini mchungaji na mchungaji awatathmini wazee, karatasi moja tu. Na uongozi wa baraza uwe na muda wa mwisho.

MKIKWAMA

Mchungaji hataki kabisa. Usikusanye kundi. Nenda kwake peke yako, mwambie kwanza mzigo unaouona anaubeba, halafu omba kitu kimoja tu, kwa mfano kuhesabu sadaka wawili wawili. Akikubali kaa miezi mitatu ndipo uombe kingine. Akikataa na kuna dalili za ubadhirifu au dhuluma, peleka kwa uongozi wa juu kwa maandishi. Kama hakuna uongozi wa juu na hakuna anayeruhusiwa kumuuliza, una haki ya kuondoka kwa amani bila kulipasua kanisa.

Wazee ndio wamekuwa mabosi. Hili watu hawalisemi. Kuna mabaraza yanamnyima mchungaji mshahara ili ahubiri wanavyotaka, mzee mmoja mwenye pesa anaamua kila kitu. Diotrefe wa 3 Yohana, yule aliyependa kuwa wa kwanza, yupo hata kwenye viti vya wazee. Dawa ni ileile: vipindi viwe na mwisho, mzee naye ajibu maswali ya hatua ya 5, na mtoaji mkubwa wa sadaka asiwe mtia saini na mwenyekiti kwa wakati mmoja.

Siri imevuja. Simamisheni kikundi, mtafuteni aliyevujisha kwa upole, aombe radhi kwa aliyeumizwa kwanza kabla ya kuomba kwenu. Harudi kwenye kikundi hicho kwa mwaka mzima hata akisamehewa.

Maamuzi yanachelewa. Mara nyingi ni kwa sababu fungu la kwanza la hatua ya 2 ni dogo mno, mnaitisha baraza kununua balbu. Liongezeni.

Kikao cha kuulizana kimekuwa cha salamu tu. Punguzeni watu. Watano wakiwa hawafunguki, wawili watafunguka.

Kanisa letu ni dogo, tuko watu ishirini na kiongozi ni mmoja. Basi hesabu sadaka na mshirika yeyote mwaminifu, tia saini naye, na ungana na wachungaji wawili wa makanisa mengine kwa hatua ya 5. Wapigie leo, pangeni siku, na siku hiyo wewe uliyewaita uwe wa kwanza kujibu.